Mashuka Yana Chavua

Bi Nili hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na vidole vyake. Miaka yote ile ya kusuuza mashuka meupe kwenye beseni la nili, rangi ya buluu inayoifanya nguo nyeupe izidi kuwa nyeupe, ilimwingia kwenye kucha ikagoma kutoka. Watu wa mtaani, ambao kazi ya kuwapa wenzao majina hawaichoki hata wakiwa na njaa, wakampa hilo. Naye akalipokea kwa mikono miwili. Alisema wako watu wanaoitwa majina ya mababu waliokuwa wezi. Yeye anaitwa kwa usafi wake, ana hasara gani?

Alikuwa dobi, na mashuka ndiyo yaliyomjengea nyumba. Chini kulikuwa na chumba cha pasi chenye meza ndefu iliyofunikwa blanketi la kijivu, pasi ya umeme, na pasi ya mkaa ya siku umeme ukikatika. Uani kulikuwa na makaro mawili ya saruji. Ghorofani vilikuwa vyumba vya kulala, na juu kabisa kulikuwa na paa la zege, bapa, lenye nguzo za chuma na kamba kutoka ukingo hadi ukingo, na hapo ndipo ilipokuwa fahari yake. Kwa Bi Nili, sabuni ilikuwa inaanza tu kufua. Anayemaliza ni upepo. Shuka lililokauka juani kwenye upepo alilitambua kwa kuligusa akiwa amefumba macho, na wateja wake wa nyumba ya wageni walimpelekea kazi kwa ajili ya harufu hiyo tu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kitupu. Wenyewe walikuwa ndugu wanaogombania urithi, na ndugu wakigombana zinazonufaika ni nyasi. Zilikuwa zimeota hadi kumfunika mtu, na kando ya ukuta ilisimama safu ya mivinje ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliipanda. Upepo ulipita kwanza kwenye kiwanja, ndipo ukafika kwenye kamba za Bi Nili. Aliuita upepo wake.

Katika nyumba hiyo aliishi na mwanawe, fundi wa friji, na mke wa mwanawe. Huyo mkwe mtaa ulimwita Kipaza, maana kazi yake ilikuwa kutangaza safari kwenye stendi ya mabasi, na sauti yake ilijulikana na watu ambao sura yake hawajapata kuiona. Mabasi yalichelewa, yaliharibika, mengine hayakuja kabisa, lakini Kipaza akilitangaza jambo hilo, abiria walijikuta wanatikisa vichwa badala ya kutukana.

Bi Nili alimpenda tangu wiki ya kwanza. Hakumwambia, kwa sababu mama mkwe akishatamka kwamba anakupenda, atabaki na nini cha kukutishia? Badala yake alimbadilishia mashuka. Kila alipoanua nguo za wateja alileta na ya watoto wake, yakiwa bado na joto la jua, akaingia chumbani kwao wao wakiwa kazini, akatandika mwenyewe na kuyavuta pembe zote nne. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na Kipaza aliyaelewa. Akirudi jioni alikuwa anapita chumba cha pasi na kusema, "Mama, leo nitalala kama bibi harusi." Bi Nili alikuwa anajibu, "Lala tu, kesho kuna vyombo," na kugeuza uso ili asionekane anatabasamu.

Msimu wa mvua ulipita salama. Jua halikuwepo, kwa hiyo nguo zote zilianikwa ndani, juu ya meza ya pasi, madirisha yamefungwa, zikatoka zinanuka mkaa na unyevu. Bi Nili aliona aibu kweli kweli, akamwomba mkwe wake radhi kwa harufu hiyo. Kipaza alisema hajali, na ni kweli alilala fofofo siku zote hizo. Laiti mtu angelitilia hilo maanani.

Kisha mvua ikakatika. Jua likawaka juu ya kiwanja kilichoshiba maji, nyasi zikatoa vichwa, mivinje ikatoa maua yake membamba ambayo hata hayafanani na maua. Asubuhi kulikuwa na umande na utulivu. Umande ukishakauka upepo uliamka, nyasi zikalala huku na kuinuka kule, na Bi Nili alipanda juu na beseni lake huku anaimba. Hali ya hewa gani ingempendeza dobi kuliko hiyo?

Kipaza akaanza kupiga chafya.

Alianza na moja moja, kisha zikaja mfululizo hadi anashika ukuta. Macho yakawa mekundu. Baada ya muda kifua kikaanza kupiga mluzi, hasa asubuhi akiamka. Bi Nili alisema ni moshi wa mabasi. Akamfukiza, akampaka dawa kifuani, akamfunika. Na kwa kuwa mgonjwa ni lazima alale pasafi, akamzidishia mashuka. Ikawa hayamalizi siku mbili kitandani bila kuondolewa na kuletwa mengine mapya kutoka juu, yaliyopigwa vizuri na upepo. Mtu anaweza kukuua huku anakubembeleza, na wala hajui.

Siku moja Kipaza alikuwa anatangaza basi la asubuhi, sauti ikamkatikia katikati ya sentensi. Abiria walisubiri wasikie basi linakwenda wapi, wakasikia mtu anahangaika kuvuta pumzi kwenye spika. Wenzake wakamkimbiza zahanati. Alirudi nyumbani mchana na pampu ya pumu, ile ya kuvuta mdomoni, na amri ya daktari kwamba asilazimishe sauti, anong'one tu mpaka koo lipone.

Bi Nili alikuwa kwenye meza ya pasi. Kipaza aliinama karibu na sikio lake, maana pasi ya umeme ilikuwa inafoka mvuke, akanong'ona:

"Mama, daktari amesema mashuka yana chavua."

Sasa, wewe unayesoma, hebu nong'ona neno hilo. Nong'ona kabisa, usitoe sauti. Umesikia V yako imekwenda wapi? Imekuwa F. Haihitaji mtu mbaya wala sikio bovu. Mnong'ono ndivyo ulivyo. Na Bi Nili, ambaye hilo neno chavua hakuwahi kukutana nalo tangu azaliwe, lakini chafua analijua vizuri kwa kuwa ndilo adui anayemlisha, alisikia: mashuka yanachafua.

Mkono wake ulisimama. Pasi ikakaa mahali pamoja, na shuka la nyumba ya wageni likaungua alama ya kahawia. Katika maisha yake ya kupiga pasi hakuwahi kuunguza shuka.

"Yanachafua?" aliuliza.

Kipaza alidhani anarudia neno la daktari. Alitikisa kichwa kukubali. "Sana," alinong'ona. "Labda ungeyaanika ndani tu, Mama."

Ndani! Kwenye ule unyevu aliouombea radhi! Bi Nili aliichomoa pasi ukutani, akalikunja lile shuka lililoungua, akatoka. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni, lakini nani anauliza huku amechomwa moyo? Angeuliza tu, "Chavua ndiyo nini?" na hadithi hii isingekuwepo. Badala yake alinuna.

Na kununa kwake hakukuwa kwa rejareja. Aliacha kumsemesha mkwe wake kabisa. Akitaka kumwambia chakula kipo, alimwambia paka, mkwe akiwa anasikia. Mashuka ya chumba kile aliyafua mara mbili, akayachemsha, akayatia nili hadi yakang'aa kiasi cha kuumiza macho. Na kuyaanika, aliyaanika kwenye kamba ya ukingoni, inayotazama kiwanja, pale ambapo upepo ulikuwa mkali kuliko kote. "Atakosa la kusema," alimwambia paka. Paka naye akapiga chafya, lakini paka nani anamsikiliza?

Kipaza aliyaona hayo mashuka kwenye upepo ule ule ambao daktari aliukataza. Akayakuta kitandani, yamevutwa pembe nne. Alikaa kwenye kiti akayatazama. Mwanzoni alifikiri mama mkwe amesahau. Yalipoletwa tena na tena, na salamu zake zikawa zinajibiwa na paka, alifikiri jambo jingine, na jambo lenyewe lilimuuma hata kulitamka: kwamba mwanamke huyu, aliyekuwa anamwona ni mama yake, anamtaka atoke, na njia aliyoichagua ni kifua chake. Hakumwambia mumewe hivyo. Alimwambia tu, kwa mnong'ono, "Hapa sipumui."

Huyo mume sasa. Fundi alikuwa anaweza kusimama mlangoni mwa duka akasikia friji iliyo jikoni inavuja gesi. Lakini wanawake wawili walikuwa wanavuja machozi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na yeye akasikia kimya tu, akakifurahia. Alipoambiwa hapa hapapumuliki alifanya anachojua kufanya kwa kitu kisichotengenezeka, alitafuta kingine. Akapata chumba upande wa pili wa stendi.

"Mama, tunahama Jumamosi," alisema huku amekishika kitasa cha mlango, tayari kukimbia.

"Hamieni," alisema Bi Nili.

Kisha alipanda juu, akasimama katikati ya mashuka ya watu ambako hakuna anayemwona, akalia. Hakulia kwa hasira. Alilia kwa sababu alikuwa ameanza kuzoea kupikia watu watatu, na kwa sababu sauti ile ikiingia mlangoni jioni ilikuwa inamwondolea uchovu wa mgongo. Alijifuta na pembe ya shuka la nyumba ya wageni, akalifua upya.

Wiki hiyo hiyo wakili mmoja alimrudishia joho lake jeusi. Msaidizi wake alimwonyesha mabegani palipokuwa na unga unga wa manjano. Bi Nili alilipokea, akapitisha kidole. Kikatoka kimepaka manjano juu ya buluu. "Huyu bwana anakula nini mpaka mabegani?" alijisemea. Akalikung'uta, akalipiga brashi, akalisahau. Yeye alikuwa mtu wa nguo nyeupe. Juu ya shuka jeupe, unga kama ule usingeuona hata ukivaa miwani miwili.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, joto lilikaza kuanzia asubuhi. Mchana mawingu meusi yakapanda nyuma ya mivinje, mvua ya kwanza tangu kiangazi kianze. Bi Nili alikuwa nyumba ya wageni anapeleka mzigo. Kipaza alikuwa nyumbani, kazini wamempumzisha. Juu kamba zote zilikuwa zimejaa.

Ngurumo ya kwanza ilipopiga, Kipaza alitazama dirishani. Angeweza kuyaacha. Mtu mwingine angeyaacha, tena angekaa kitini kutazama yanavyolowa. Yeye alipanda ngazi. Upepo ulikuwa umelala juu ya kiwanja unazikandamiza nyasi, na matone makubwa yalikuwa yameanza. Aliyaanua mashuka moja baada ya jingine, akayarundika kifuani, uso umezama ndani yake, hadi kamba ya mwisho.

Bi Nili alirudi mbio, amejifunika kanga kichwani, anawaza mashuka yake. Alimkuta Kipaza amekaa katikati ya ngazi. Mashuka yote yalikuwa mapajani mwake, makavu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, mabega yanapanda na kushuka, na kifua kinapiga mluzi uliosikika hadi chini. Alikuwa ananyoosha kidole kuelekea chumbani.

"Pampu!" Bi Nili alipiga kelele, kama vile si hiyo aliyokuwa anaionyesha Kipaza. Alipanda zile ngazi kwa magoti yale yale aliyokuwa anayalalamikia kila asubuhi, akapindua mito, akaipata. Kipaza akavuta mara ya kwanza, ya pili. Haikutosha. Jirani mwenye duka akatoa gari lake, wakaenda mvua inapiga kioo, Bi Nili amemshika mkwe wake mgongoni na kurudia neno moja tu, "Mwanangu, mwanangu, mwanangu."

Zahanati ilijaa watu wanaokohoa. Kipaza aliwekewa barakoa yenye dawa ya mvuke, akalala ameegemea. Bi Nili alisimama pembeni, mikono haina kazi. Nesi mmoja, mwanamke mnene mwenye haraka, alimsukumia kiti.

"Kaa, mama. Atapata nafuu. Leo mmekuja wengi. Radi za kwanza baada ya kiangazi huwa ni hivi hivi."

"Lakini mvua si inasafisha hewa?"

"Ikishanyesha ikatulia, ndiyo. Siku za mvua nyingi hawa wagonjwa wangu siwaoni. Ila hii ya kwanza, yenye upepo na ngurumo, inaikuta chavua imejaa hewani. Inailowesha, inapasuka vipande vidogo zaidi. Ikiwa nzima inakomea puani unapiga chafya. Ikipasuka inakwenda mpaka chini ya kifua."

"Inakuta nini kimechafua?"

"Chavua, mama."

"Ndiyo. Nini kimechafua?"

Nesi alisimamisha haraka zake. Akainama, akang'ata mdomo wa chini ili aonekane vizuri. "Cha-vvv-ua. Ule unga wa maua. Nyasi zinao, miti inayo. Jua likiwaka na upepo ukivuma, unaruka. Huyu mliambiwa na daktari, si aliwaambia kuhusu matandiko? Nguo mbichi ukiianika kwenye upepo karibu na majani, inaunasa wote."

Bi Nili alikaa. Alikumbuka joho la wakili. Alikumbuka kidole chake cha manjano, na siku za mvua mkwe wake alipolala fofofo kwenye mashuka yanayonuka mkaa. Akakumbuka ile kamba ya ukingoni aliyoichagua kwa kusudi. Alikuwa amekichota kiwanja kizima akamtandikia mtoto wa watu kitandani, akavuta na pembe nne. Aliinamisha kichwa kwenye mikono yake ya buluu, na nesi akadhani anasali, akamwacha.

Ijumaa hakuna aliyemwona juu. Mlango wa chumba cha pasi ulifungwa, madirisha yakafungwa, na moshi wa mkaa ukawa unatokea chini ya mlango. Fundi alirudi na mkewe kutoka zahanati, akaanza kufunga masanduku. Alisikia pasi inagonga meza mchana kutwa. Alidhani ni wateja.

Jumamosi asubuhi mkokoteni ulifika. Godoro lilikuwa limeshapandishwa na linafungwa kamba, Kipaza amesimama mlangoni na mkoba wake, ndipo Bi Nili alipotoka na furushi mikononi. Macho yalikuwa yamevimba. Alijikaza kisabuni, kama wanavyosema, na kama kuna mtu anayejua namna ya kujikaza hivyo ni dobi.

"Mwanangu," alisema. Paka alikuwepo, lakini hakumtazama paka. "Ile siku nilipounguza shuka. Ulisema nini?"

Sauti ya Kipaza ilikuwa imerudi, ikikwaruza kidogo. "Nilisema daktari amesema mashuka yana chavua."

"Mimi nilisikia yanachafua."

Mwenye mkokoteni aliacha kufunga kamba.

"Mama!" Kipaza alidondosha mkoba. "Mimi? Nikwambie wewe, wewe, mashuka yako yanachafua? Hata wazimu una mipaka!"

"Ndivyo nilivyosikia. Nikakasirika. Nikayaanika pale kwa makusudi, ili uone."

"Na mimi nikajua unanitaka nitoke. Nilidhani unataka nife, Mama."

"Ulidhani hivyo, halafu mvua ikaja ukapanda kuyaanua?"

Kipaza alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na maana. "Sasa ningeyaacha yalowe? Ni mashuka yako."

Hapo Bi Nili alishindwa. Machozi yalimtoka mbele ya mwanawe, mbele ya mwenye mkokoteni na mbele ya jirani aliyekuwa anajifanya anafagia. Alimsogezea mkwe wake furushi. "Haya niliyaanika ndani. Yananuka mkaa, nisamehe. Lakini nimeyapiga pasi pande zote mbili, na hayana cha..." Aling'ata mdomo wa chini kwa nguvu, kama nesi alivyomfundisha. "Hayana chavvvua."

Kipaza alicheka hadi akashika fremu ya mlango, na kila mtu akasikiliza kama mluzi utafuata. Haukufuata. Alijifuta macho, akamgeukia mwenye mkokoteni, akasafisha koo, na sauti ambayo stendi nzima ilikuwa imeikosa ikatoka:

"Tangazo kwa abiria wote wenye godoro. Safari imeahirishwa. Tafadhali rudisheni mzigo ndani."

"Ngoja kwanza," alisema Fundi, ambaye alikuwa ametokea na sanduku kichwani. "Chavua ni nini?"

"Beba godoro!" walimjibu wote wawili.

Mchana huo Bi Nili alitandika mwenyewe. Alifunga dirisha la upande wa kiwanja, akavuta pembe zote nne, akatoka. Kipaza alipolala alirudi taratibu, akasimama nje ya mlango, akategea sikio. Alisikia mtu anavuta pumzi, anaitoa, anavuta tena, bila kelele yoyote. Akaketi hapo hapo sakafuni, akaendelea kusikiliza.